Makopa Nyuma ya Nyumba ya Kompyuta

Uani, Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo, Dar es Salaam.
14 Mei 2001

Mpendwa wifi Klara,

Hujambo wewe na kaka yangu Marcelino? Mguu wake umepona, au bado anautumia kukwepa palizi? Watoto wazima? Sisi huku tunapumua, ila masika imetuchosha, nguo hazikauki na magoti yananisema.

Barua yako nimeipata. Eti unashangaa mbona sijakulilia makopa ya muhogo, wakati barabara ya huko imekatika toka mwezi wa tatu. Wifi, kaa kitako.

Unaikumbuka nyumba ya mzee Ravindra wa vitenge, tunayopakana nayo hapa uani? Siku hizi si duka tena. Kajaza kompyuta chini mpaka juu, zinatunza habari za wenye maduka na mawakala wa mizigo ya bandarini. Siku ya kufungua alituita majirani, tukanywa soda, akasema nyumba ile itaufaa mtaa mpaka wajukuu zetu. Haya. Mwaka mzima tumefaidi jenereta linalonguruma kama limekabwa, na mafeni ya viyoyozi yanayotupulizia joto uani. Ukipita pale unaiva. Nimelalamika mpaka mjumbe akiniona anavuka barabara.

Sasa makopa yakaniishia. Wateja wangu wa chakula, wale vijana wa kwetu wanaobeba mizigo bandarini, sembe hawaitaki, wanataka ugali wa nyumbani. Nikanunua muhogo mbichi, nikamenya, jua hakuna. Nikayatazama yale mafeni. Nikajenga chanja mbele yake, na kwa kuogopa mvua nikafunika nailoni pande zote, nikakandamiza na mawe. Wifi, siku ya pili makopa yanalia kah! Nikajiona mhandisi, nikaongeza muhogo.

Siku ya nne vijana wakaja kula mapema, wamenuna. Hawana kazi, eti kompyuta zimezimika, makaratasi ya mizigo hayatoki, malori foleni. Wakamlaani aliyeziharibu, yeye na ukoo wake. Mimi kila mtu nikamwongezea mchuzi.

Mara Alpesh, mtoto wa mzee, katokea uani jasho linamtiririka. Kafunua nailoni.

"Mama Stella! Umezipika kompyuta zetu!"

Kumbe joto lilikosa pa kwenda, likarudi ndani.

Mzee mwenyewe akaja. "Kesho naleta fundi, ua huu naziba. Jiko lako tafuta pa kulipeleka." Na kweli kipande kile ni chake. Nilipeleke wapi, wifi? Miaka kumi na tisa napika pale, Stella kakulia kwenye moshi ule.

Nikamwambia, "Ziba mzee. Lakini ulisema nyumba hii itatufaa. Zaidi ya soda, tumepata joto tu, na hilo joto ndiyo kwanza nimelipatia kazi."

Mkewe, mama Jasumati, alikuwa dirishani anasikiliza. Akashuka, akaokota kopa, akalivunja.

"Hili limekauka siku ngapi?"

"Mbili, mama."

Akamgeukia mumewe. "Papadi zangu zinaota ukungu toka masika ianze, na wewe joto unalitupa?" Papadi, wifi, ni vile vichapati vyao vyembamba vya dengu, navyo huanikwa. Wakaendelea Kigujarati. Mimi nilielewa uso wa mzee tu.

Fundi akaja kweli, lakini kaunga bomba la bati, joto linapanda mpaka juu ya paa la zege. Chanja iko huko, wazi pande zote. Jumatatu mpaka Alhamisi sisi wapangaji wa uani, siku zilizobaki mama Jasumati. Na sikukubali maneno matupu. Alpesh kaandika, mjumbe kashuhudia: mashine zikiwepo, joto ni letu na jiko halihami.

Usidhani nimepumzika. Ngazi arobaini na mbili, na haya magoti! Mama Jasumati anasema unga wangu unachafua papadi zake, mimi nasema pilipili yake inawasha makopa yangu. Na jenereta bado linanguruma.

Nisalimie shangazi Severa na mjomba Tarsis. Barabara ikifunguka, Beno wa malori atakuleteeni furushi. Makopa kutoka Dar kwenda Nachingwea, chekeni mpaka mkae chini. Ila upike, uniambie kama yananuka kompyuta.

Mungu awape jua, maana mimi langu ninalo darini.

Ni mimi wifi yako nikupendaye na mdomo wangu huu,
Paskalina