Upatu Uliowaleta Watu na Kuni

Mdogo wangu Raheli,

Kwa desturi yetu mdogo ndiye humwamkia mkubwa, naye mkubwa husubiri. Nimesubiri tangu mvua za vuli, na shikamoo yako haijaja. Leo basi naanza mimi, bila salamu. Najua ungecheka.

Nakuandikia kuhusu upatu wako. Wewe uliuita gongi, kama walivyouita wale wageni waliokufundisha yoga. Mimi nauita upatu, kwa kuwa neno lipo na halina kosa. Ni ile sahani kubwa ya shaba uliyoitamani, inayoning'inizwa na kupigwa kwa nyundo yenye kichwa laini cha sufu, ili wanafunzi wako wanapolala kwenye mikeka mwishoni mwa somo waisikilize sauti na kutulia. Kwa kukosa upatu ulipiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Katika siku zako za mwisho uliniambia, "Kaka, akina mama wamekwisha kuchanga. Wewe umeongoza tarumbeta za kanisa maisha yako yote, una masikio. Nichagulie. Ila usije ukaninunulia kengele ya shule."

Nilikubali. Ningekubali lolote siku ile.

Baada ya mazishi Mzee Yona aliniita ukumbini. Unamkumbuka: ndiye mzee wa kanisa anayeshika funguo za ukumbi, na kabla ya kusema neno gumu huvua kofia. Alivua kofia. "Mwalimu," akasema, maana tangu nifundishe Kiswahili shuleni wote huniita hivyo, "marehemu tulimwachia ukumbi kwa sababu alikuwa nesi wetu. Alimnyoshea mke wangu mgongo, hilo silikatai. Lakini wapo wanaouliza. Kengele ya kanisa huwaita watu ibadani. Chombo hicho chenu kitamwita nani?"

Nilimjibu kwamba hakimwiti mtu yeyote.

"Haya, tutasikia," akasema. "Kikiwasumbua watu, ukumbi naufunga, na darasa ndiyo basi."

Unajua maana yake. Hatuna sakafu nyingine tambarare ya kuwatosha. Hapa kwetu hata uwanja wa mpira umeinama. Mwanaidi, yule muuza karoti aliyekuja kwako akiwa amepinda kwa kubeba matenga, ndiye anayeliongoza darasa sasa. Alinifuata nyumbani akaniambia, "Mwalimu, chagua vizuri. Mimi sitaki kurudi kutazama vidole vyangu vya miguu."

Nikashuka hadi Mombo, nikapanda basi la Moshi. Mwenye duka la ala za muziki, mama wa makamo, alinionyesha patu mbili. Ule mdogo ulilia kama sahani iliyoanguka jikoni. Nikauacha. Kwa ule mkubwa alinifundisha utaratibu. Kwanza uuguse kwa nyundo polepole, kando ya kitovu chake cha katikati, ili uamke. Kisha upige pigo moja na kungoja. Usiongeze la pili mpaka sauti imekufa kabisa, kwa sababu kasoro hujificha katika mkia wa sauti. Penye ufa, mkia hutetemeka. Nikapiga, nikangoja. Nikapapasa ukingo wote kwa kidole. Kisha nikataka utolewe nje, niusikie penye hewa.

Mama yule akashika kiuno. "Mzee, unanunua gongi au unanunua ng'ombe? Maana umebakiza kutazama meno tu."

Nikamwambia ng'ombe ningekuwa nimekwisha kumchagua.

Nje niliupiga tena. Sauti yake ilianzia chini, kwenye nyayo, ikapanda, ikakaa kifuani, halafu ikaondoka taratibu kama mama anayetoka chumbani bila kumwamsha mtoto. Niligeuka nikajifanya natazama magari. Mwenye duka alileta blanketi akaufunga upatu.

Niliporudi Mombo wauza vitunguu walinizunguka: "Mzee, sufuria la harusi ya nani hilo? Tualike basi!" Niliukumbatia upatu nikapanda gari. Nilikuwa na wasiwasi na barabara ya kupanda, na jinsi gari lilivyokuwa likirukaruka.

Nilipofika nyumbani sikukaa. Niliutundika kwenye boriti ya kibaraza. Ilikuwa alasiri, ukungu umeondoka, bonde lote wazi, watu wako mashambani. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama safari haikuutia ufa. Basi nikafanya kama nilivyofundishwa. Pigo moja. Nikangoja sauti ife. Pigo jingine. Nikangoja.

Raheli, wewe umekwisha kuona nilichokifanya. Mimi sikukiona.

Nimezaliwa hapa. Najua kwamba ile ringi ya lori iliyotundikwa nje ya kanisa, ikipigwa kwa ibada, hupigwa mfululizo. Na ikipigwa pigo moja, kimya, pigo moja, kimya, kuna maiti. Hakuna mtu katika mlima huu anayepiga chuma namna hiyo kwa jambo jingine lolote. Siku yako nilikuwa juu ya ngazi, napogoa miti yangu ya matunda damu. Kabla simu haijaniita, ringi ilisema. Pigo. Kimya. Nilijua kabla ya kujua. Na bado mimi huyuhuyu nilisimama kibarazani kwangu nikaupigia mlima mwito uleule, nikiwa nimeinamisha kichwa, nasikiliza ufa.

Majembe yakasimama. Ndicho nilichokisikia kwanza, ule ukimya wa majembe. Kisha sauti ya mwanamke upande wa pili wa bonde. Nilipotazama, njia zote zilikuwa zinapanda kwangu. Wanawake na mizigo ya kuni vichwani, wanaume na mabenchi mabegani, Mwanaidi mbele yao, unga ameufunga kwenye kanga, analia, "Mwalimu wetu jamani! Alikuwa peke yake!"

Alitokea kwenye kona ya nyumba akanikuta nimesimama na nyundo mkononi.

Alikaa chini palepale kwenye majani. "Kumbe u hai!" akasema, kama mtu aliyeibiwa.

"Nimeacha viazi vyangu shambani juani," mwanaume mmoja akafoka, "kumbe marehemu anacheza ngoma?"

"Njia nzima tumekulilia, Mwalimu. Machozi yetu nani atayarudisha?"

Siku zote nilidhani nikifa watanizika kwa wajibu. Walikuwa wamekuja mbio, Raheli. Wengine bila viatu.

Mzee Yona alifika mwisho, anahema, kofia tayari mkononi. Aliutazama upatu, akanitazama mimi. "Nilikuuliza kitamwita nani," akasema. "Sasa tumejua. Kinaita maiti." Akagonga mfuko wake, funguo zikalia.

Na wanawake hawakuwa wameitua mizigo yao. Unaijua desturi: kuni zikishapelekwa msibani hazirudi nyumbani. Kuzitua pale kwangu kulikuwa kukubali kifo changu. Kuzirudisha kulikuwa kukibeba kifo hicho hadi milangoni pao wenyewe. Basi walisimama nazo vichwani, shingo zinatetemeka. Migongo ileile uliyoinyosha wewe.

Nikamwambia Mzee Yona kwamba upatu haukukosa, nimekosa mimi. Niliupiga kwa namna ya dukani, si kwa namna ya darasani. Nikaomba niupige tena.

"Usithubutu," akasema. "Ukiupiga tena, hata wale wa Malindi, kijiji cha juu kule, watakuja na jeneza."

Unanijua. Sijawahi kumvunjia mzee wa kanisa neno mbele za watu. Niliinua nyundo nikapiga.

Nilipiga kwa upole, na kabla sauti haijaanza kuondoka nikapiga tena, na tena, kando ya kitovu, mapigo yakipandiana, kama ulivyokuwa ukiupiga ule mfuniko wako. Hapakuwa na kimya hata kidogo katikati. Sauti ilijaa kibaraza, ikatoka uani. Nilikuwa naogopa mno. Mkono wangu ni wa mzee, na nilijua nikiacha nafasi moja tu, bonde zima litasikia maiti wa pili, na darasa lako litakuwa limezikwa na mimi mwenyewe.

Mzee Yona aligeuka akashuka njia bila kuniaga. Nilidhani anakwenda kufunga ukumbi. Mwanaidi akamwita, "Mzee, unakwenda wapi?" Akajibu bila kugeuka, "Kusikiliza huko mnakotusumbulia."

Tukangoja. Bega likaanza kuwaka moto. Mwanaidi aliliona, akaja akasimama karibu yangu, akaweka mkono wake juu ya wangu kwenye mpini, tukapiga pamoja mapigo machache, kisha nikautoa mkono wangu. Hapakutokea nafasi. Nyuma yetu nilisikia mzigo mmoja wa kuni ukituliwa, halafu mwingine. Sikugeuka kutazama. Baadaye niliwaona wameketi kwenye majani, miguu wameinyosha mbele, na mke wa Mzee Yona amelala chali, macho amefumba, kitambaa chake cha kichwa ni mto.

Mzee Yona aliporudi alimtazama mkewe muda mrefu.

"Kule kanisani unasikika kama maji," akasema. "Hakuna mtu atakayeacha jembe kwa ajili ya maji." Akavaa kofia. "Ukumbi mtautumia. Lakini pigo la peke yake nisilisikie. Nikilisikia, nakuja na kufuli." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Na siku yako ikifika kweli, Mwalimu, tutajuaje? Maana mimi sipandi tena mlima huu kwa uongo."

"Mtaacha nafasi kati ya mapigo," nikamwambia.

Akacheka. Mzee Yona, Raheli. Nilikuwa sijui kama ana pengo.

Kuni hazikurudi. Zilichemsha viazi vya yule aliyenifokea, tukavila kwa chumvi hadi jua likatua. Nilimwambia Mwanaidi atunze nyundo. Alikataa, akasema kwamba aliyechaguliwa nawe ni mimi.

Nenda salama, mdogo wangu. Sikukuaga vizuri hospitalini. Nilikuwa nasahihisha Kiswahili cha nesi aliyekuwa akikuhudumia. Jumamosi, akina mama watakapolala kwenye mikeka, nitakuwa mbele yao ukumbini, na Jumamosi itakayofuata pia, kadiri bega litakavyoniruhusu. Ahadi yangu kwako ni hii: maadamu nimeishika nyundo, pigo la kwanza halitakufa kabla la pili halijafika.

Kaka yako.