Masta Silinda ya Tundu Jembamba

Hudiksvall, Aprili

Kwako dada yangu Ylva,

Pokea salamu za nyumbani, na za Baba pia, ingawa hakunituma. Hali ikoje huko Malmö? Mguu wako unaendeleaje, na dawa mpya zinakusaidia? Sisi tupo. Theluji imebaki nyuma ya banda tu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unakata kila nikimtaja Baba. Safari hii nivumilie, nakuomba.

Baba amelifufua lile gari lake la zamani. Kilichobaki kilikuwa masta silinda ya breki, ile inayopokea nguvu ya mguu na kusukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Mimi nilitaka tununue yenye tundu pana, kama ile ya kiwandani. Baba alikataa katakata. Alitaka yenye tundu jembamba, ambayo hufanya pedali iwe nyepesi lakini izame zaidi. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jirani yetu Birger, unamjua mdomo wake, alimuuliza kama anataka kusimamisha gari au kuponda viazi, akasema hizo ni breki za mtu anayeendesha na ndara. Siku nyingine Baba angemrudishia maneno makali zaidi. Siku hiyo aliendelea kupima tu.

Birger alipoondoka nilimwambia Baba aache ukaidi, mguu wake bado unaiweza ile pana. Akanijibu bila kuniangalia kwamba hachagulii mguu wake, anachagulia mguu wa Ylva. Akasema siku ile alipokukataza mbele ya watu usiguse tena usukani, alikuwa mpumbavu mwenye woga, na kwamba gari ni lako. Nakiri iliniuma, maana nililitaka mimi. Halafu nikatoka nje nikalia. Birger alipoelezwa alirudi, akapima mwenyewe, akakubali kwamba silinda hiyo itasimamisha gari vizuri.

Sasa nikuambie alilonikataza. Saratani imerudi, na daktari hatarajii kwamba Baba ataiona sikukuu ya katikati ya kiangazi. Hataki uje kwa kumhurumia. Nimevunja ahadi yangu kwake, na sijutii.

Silinda tumeshaifunga. Imebaki kutoa hewa kwenye mabomba ya mafuta ya breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko kwenye gurudumu analegeza skrubu. Jana niliingia garini ili nikanyage. Baba alikuwa ameshapiga magoti kwa shida, spana mkononi. Akaniambia nishuke, atamngoja mwenye mguu.

Leo tangu asubuhi amekaa bandani. Njoo ukanyage, Ylva.

Mke wangu Britta anakusalimu sana, na chumba chako tumeshakiwashia moto.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Håkan