Mpunga wa Bibi wa Rufiji

Elisante, sahibu yangu,

Wenzangu huanza barua kwa salamu. Wewe salamu yako nimeizuia mpaka mwisho wa karatasi, maana nimekukasirikia. Ungetokea hapa Gerezani leo ningekukamata ukosi wa shati, nikubamize kwenye mlango wa gereji mpaka mabati yalie, halafu nikununulie kahawa.

Unanijua. Mimi ndiye Shebe, fundi ambaye injini ikisikia nakohoa inawaka yenyewe. Nimefika Bombay kwenye meli ya Wagiriki, nimepigana ngumi katika bandari ambazo wewe umeziona kwenye ramani tu. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alichoka kabla yangu. Lakini klabu yenu ya ndege iliponituma Rufiji kukusanya mabaki ya ndege yako, nilikaa kwenye matope nikashindwa kushika hata spana.

Minazi ya mwisho wa uwanja wa kurukia ilikuwa imekatwa vichwa. Bawa moja lilining'inia juu huko. Injini ilikuwa imezama ardhini na kuuburuta usukani, na mama yako sikumwambia niliukuta umepita wapi mwilini mwako. Kilichobaki moto ulikila. Pembeni kuku walikuwa wameungua na kamba zao miguuni. Nazi zilikuwa zimepasuka. Gunia zima la mpunga lilikuwa limegeuka bisi, nyeupe, zimetapakaa kila mahali, hata juu ya kofia yako.

Injini niliifungua mwenyewe. Ilikuwa nzima, Elisante. Ndipo nikaelewa, nikaokota spana nikaitupa mtoni.

Ulikuwa unawapelekea wanakijiji wa huko dawa bure, Jumapili, wenzako wa klabu wanaruka juu ya bahari kuonyesha wachumba. Kile kijiji cha ujamaa kilikupenda kama mtoto wake. Ukiondoka, kila nyumba na kapu lake. Nilikwambia pale Msimbazi, vikombe mkononi, "Mchaga wewe, ndege siyo lori la Kariakoo, haiambiwi sogea kidogo bado inaingia." Ukanicheka. "Shebe, zawadi haipimwi."

Wewe! Mtoto uliyelelewa nyuma ya mizani. Baba yako pale dukani anapunguza sukari kwa ncha ya kijiko mpaka mshale utulie, na wewe ukiwa mdogo ulipigwa makofi kwa kumzidishia mteja dengu. Halafu unakwenda kuruka saa saba mchana, jua linachoma na hewa ya joto haibebi, majani ya uwanja yamelowa yanakamata magurudumu, na mizigo imefika mpaka kwenye paa la ndege. Kila kapu peke yake lilikuwa dogo. Ndege haijui nani ametoa kwa moyo safi. Inajua uzito tu.

Sasa nikupe ya huku. Dalali mmoja wa vitunguu sokoni alisema ulirusha ndege umelewa. Nilimpiga nikamwangusha ndani ya matenga yake, nikamfuata humohumo. Balozi wa nyumba kumi alituamua kwa fimbo, nami nikamwomba radhi balozi, siyo yule. Pua ya yule dalali sasa inatazama Magomeni.

Halafu klabu wakaitisha kikao. Mwenyekiti, lile jitu lenye tumbo, akasema ajali yako ni amri ya Mungu. Nikapiga meza. Nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, Mungu hakupakia nazi." Nikasema haruki mtu mpaka vyote vipimwe, mizigo na watu, na tumbo lake likiwemo. Jumapili akaja na mkewe na masanduku ya matembezi. Nikasimama mbele ya propela. Akaniambia, "Toka hapo, mpaka mafuta wewe." Akanisukuma. Sitaki kujisifu, lakini alipanda kwenye mizani akiwa na jicho moja wazi. Masanduku yalibaki chini.

Mizani yenyewe ni ya baba yako, ile ya magunia. Aliileta mwenyewe kwa mkokoteni, akaishusha, akaifuta vumbi kwa kanzu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akarudi Kariakoo kwa miguu.

Hilo lilikuwa rahisi. Gumu ni Ndeshi. Huyo dada yako nesi ana kichwa kama chako. Akasema dawa lazima zifike kijiji kilekile, na anazipeleka yeye. Nikaona basi, huyu nisipomrudisha mzima, mama yenu hatazika tena, atazikwa. Nikapanda naye, mimi na mizani ya ndoana niliyoazima kwa muuza nyama wa soko la Shimoni. Rubani alikuwa Mgoa mmoja mpole, tulimwamsha alfajiri ili turudi kabla jua halijakaza.

Tukashusha dawa. Yakaja makapu.

Nilitundika mizani kwenye mkorosho nikaanza kupima. Wanakijiji wakanizunguka. Mwenyekiti wao akauliza, "Ndugu, unatupimia ukarimu? Sisi ni maduka?" Nikamjibu vibaya, unajua mdomo wangu. Kijana mmoja akanitandika konde la taya. Nikamrudishia. Wakaja wengine, Elisante, nikala mateke mpaka nikaonja udongo, jino likanitoka nikalitema mbele yao. Ndeshi akaingia katikati anapiga watu kwa sanduku la dawa, analia, "Mwacheni! Huyo ni rafiki wa kaka yangu! Rubani aliyeungua hapo!"

Mikono ikashuka.

Kumbe hawakujua kilichokuangusha. Waliambiwa injini ilizima. Mimi damu kinywani, na ukweli uko papo hapo nyuma ya damu. Nilitaka kuwaambia makapu yao ndiyo yaliyokuua. Wallahi nilitaka, nao wapate yao.

Nikawatazama. Nikasema, "Jamani, ndege hii ya mjini ina tumbo dogo. Ikila sana inatapika njiani. Zawadi zenu zitakuja na lori la ushirika." Wakacheka. Aliyening'oa jino akaniletea maji.

Tukielekea kwenye ndege, bibi mmoja akanishika mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, siku ile wa mwisho nilikuwa mimi. Gunia la mpunga. Alikataa, nikamwambia ukikataa umenitukana. Mpunga wangu ulikuwa mzito?"

Nikaziona zile bisi.

"Hapana, bibi. Wako ulikuwa mwepesi kuliko vyote."

Akanitia ndimu moja mfukoni. Niliipima, na mshale haukusogea. Tuliruka na masanduku matupu ya dawa, na ile minazi ikapita chini kabisa, mbali. Ndeshi alifumba macho. Mimi sikufumba, niliitazama mpaka ikaisha.

Sasa pokea salamu yako, sahibu. Lala. Nakuahidi, nikiwa na mikono miwili, hakuna ndege ya klabu ile itakayoinuka kabla ya kupita kwenye mizani ya baba yako, hata kama nitabaki kibogoyo. Nawe nifanyie moja. Yule bibi ni mzee, huenda akafika huko kabla yangu. Akikuuliza, usinisute. Mwambie mpunga wake ulikuwa mwepesi.

Wako,
Shebe