Majeruhi wa Septemba 1958

Vernon,

Supu ya maharage iko kwenye sufuria, ipashe moto. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

Nimeondoka na dada Lorraine. Saa mbili nilisimama juu ya ngazi nimeshavaa koti, nikakuita twende. Ukajibu kutoka huko chini, "Ngoja kidogo mke wangu, namalizia mechi hii." Nikasikia dadu zikigonga meza, ukashangilia, kisha ukaanza mechi nyingine.

Sijakasirika. Nashangaa tu. Unarudia msimu mzima wa besiboli wa 1958 kwa dadu na kadi za wachezaji, na humchezeshi mtu tarehe aliyokuwa majeruhi kweli mwaka ule. Goti la nani liliteguka lini, unajua bila kufungua kitabu. Kwamba leo napasuliwa jicho, hukukumbuka.

~~Usije.~~ Njoo hospitali saa nane. Nitakuwa na bandeji, usicheke.

Halafu usihangaike kumtafuta Stankowicz, mrushaji mpira wako. Ulipoingia chooni nilishuka nikachukua kadi yake, ninayo mkobani. Mwandike majeruhi. Atarudi uwanjani ukishanifikisha nyumbani.

Mkeo