Pilau ya Mwenyekiti Mahdi

Salwa shoga yangu, acha hiyo kazi kwanza usome. Mahdi ametutia kinyaa!

Unajua Fathiya hulisha wasio na makao kila Jumamosi pale mtaa wa Lake Street. Leo watu wako foleni juani, mwenyekiti wetu wa jumuiya kaja na sufuria ya pilau, mabaki ya harusi ya bintiye kule kitongoji cha Coon Rapids. Imelala siku mbili kwenye buti ya gari, na joto hili!

Fathiya kufunua tu, harufu ikampiga. Imechacha, Salwa. Ina povu. POVU!

"Mwenyekiti, hii itawaharisha, na hawana hata choo."

"Aa, wagawie. Matumbo yao yamezoea."

Yamezoea! Ndiye yuleyule aliyewagawia makoti yenye kunguni mwaka juzi. Sijasahau mimi.

Fathiya akapakua sahani, akamkabidhi mbele ya foleni nzima. "Bismillah, baba. Anza wewe."

"Mimi nimeshiba."

Kashiba!

Fathiya akaimwaga yote kwenye pipa la taka, akaanza kuwakaangia watu mayai. Na Mahdi, unajua alisema nini akiingia garini?

"Hiyo sufuria muioshe vizuri. Sisi twaipikia chakula cha watu."