Mfereji Aliousikia Mama

Marangu, Kilimanjaro
3 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Elimringi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani kwenye baridi zikufikie huko Tunduma kwenye vumbi la malori. U hali gani? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa, au bado unalala chini ya magari ya watu ukijifanya kijana? Wifi Victoria hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Shikamoo zao alizoleta Valerian alipokuja kutoka huko tulizipokea, na mama aliitikia marahaba kwa sauti mpaka ng'ombe akageuza shingo.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Ng'ombe amezaa ndama jike, kwa hiyo usije ukasema dada yako hajui kutunza. Ile migomba ya mishare ya nyuma ya jiko imebeba vizuri, tumeanza kuiwekea miti isianguke. Mama miguu inamtii na macho yanaona, ila masikio yamekuwa mazito kuliko ulivyoyaacha. Juzi mchungaji alimwuliza habari za moyo wake, akamjibu kwamba mbolea imekwisha.

Krismasi ulitukwepa. Nilielewa sababu zako na sikulaumu sana, nakulaumu kidogo. Mchagga asipopanda mlimani Desemba watu huuliza kama amefungwa. Nimewajibu kwamba uko huru, ni malori tu yamekukamata.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua kama enzi za baba. Simu haifai kwa jambo hili. Mama akisikia jina lako ananinyang'anya kitochi changu, na kwa masikio yale lazima tuweke spika, basi mazungumzo yanasikika mpaka kwa jirani. Na haya ninayokueleza ndiyo hasa mama asiyotakiwa kuyasikia. Valerian anarudi huko kesho, nitampa bahasha mkononi na kumwapisha.

Mwaka jana mwishoni kijiji kiliitwa kwenye mkutano mkuu, pale uwanja wa shule, tuibue vipaumbele vya bajeti. Si ile ya zamani ya kuletewa habari imeshapikwa. Safari hii kila kitongoji kilisimama kikasema shida yake, kisha tukapiga kura kwa mikono. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, Yakobo, alifungua kwa kusema penye wengi hapaharibiki jambo. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu.

Mimi ndiye niliyesimama kuitetea barabara, Elimringi, na hata leo ningesimama tena. Unamkumbuka Winfrida, mke wa Jesse wa bondeni. Masika yaliyopita uchungu ulimshika wakati gari haliwezi kupanda huku. Tulimbeba kwa machela kwenye utelezi, wanaume mbele, sisi nyuma, na mtoto alizaliwa njiani hana uhai. Mimi ndiye niliyemfunga kwenye kanga yangu. Nilipoyasema hayo mkutanoni mikono ikainuka, na barabara ikapita.

Januari wakaja wapimaji. Unajua mlima wetu hauna mahali pa kupitisha gari bila kuning'inia, isipokuwa mahali pamoja tu: ule mfongo mkavu, mfereji wa wazee, unaokata kihamba chetu, shamba la ukoo, kwa upole kutoka juu kwa baba mdogo Sifael mpaka chini kanisani. Wazee walijua mteremko kuliko vipimo. Basi barabara itafuata mfongo uleule, na kuupanua pande zote mbili. Sasa nadhani umeshafika kabla yangu. Baba amelala ukingoni mwa mfongo, mahali alipochagua mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akigawa maji yake miaka yote mpaka yalipokauka. Na nafasi iliyo kando yake ni ya mama. Kigingi chenye rangi nyekundu kimepigwa katikati yao.

Nilikimbia kwa mtendaji wa kijiji, yule binti anayeitwa Kindness. Ni binti mwema, tena mwenye adabu, hakunificha kitu. Nilimwuliza nimwone nani, halmashauri au nani.

"Dada Elisifa," aliniambia, "mradi huu umeibuliwa na wananchi wenyewe. Kwa hiyo hauna fidia, na hauna wa kumlalamikia."

Nimelitafuna neno hilo mpaka meno yameuma. Zamani barabara ikila kaburi lako ungekaa ukilaani serikali, na majirani wangekuja kulaani pamoja nawe, mkanywa chai, moyo ukapoa. Sasa serikali ni mimi. Nikitaka kumlaani aliyeleta barabara nalazimika kujitazama kwenye kioo. Niliuliza kama haiwezi kupindishwa. Wakasema upande mwingine ni korongo, gari halipandi, na tukikataa hapa mradi unakufa na fungu linahamia kijiji kingine. Nikikataa, Winfrida atanitazama. Hatasema kitu, mimi namjua, atanitazama tu kanisani kila Jumapili mpaka nife.

Na tena mimi ni nani wa kukataa? Kihamba ni chako, kitinda mimba. Mimi ni binti aliyerudi nyumbani, namkamulia mama ng'ombe na kupalilia migomba isiyo yangu. Baba mdogo Sifael ameniambia waziwazi kwamba binti hafungi barabara ya kijiji kwa kihamba cha ndugu yake, wala haifungui. Kwa hiyo siruhusiwi kusema ndiyo, na siruhusiwi kusema hapana, lakini kila mtu ananiuliza mimi.

Ukaitishwa mkutano mwingine, wa wenye vihamba kuridhia. Kwa kuwa wewe hupo, Kindness alisema mama ndiye atakayetoa ridhaa. Nilikusudia kumweleza nyumbani kabla hatujatoka. Mungu ni shahidi wangu, nilianza mara nyingi. Kila nikianza ananiuliza kama kanga aliyovaa inafanana na kilemba. Alikuwa na furaha ya kuitwa. Tangu baba afariki hakuna aliyemwita mahali kutoa neno. Nikajiambia atasikia mwenyewe kule.

Alisikia neno moja. Mpimaji, kijana wa mjini, alieleza upana, changarawe na kalavati, akasema kwa sauti kubwa: "Na mifereji itakuwepo pande zote mbili." Alimaanisha mitaro ya kutoa maji ya mvua barabarani. Mama alinishika goti. Uso wake, Elimringi, sijawahi kuuona vile tangu tukiwa wadogo.

"Elisifa, umesikia? Mfereji unarudi."

Nilifungua mdomo. Yakobo akauliza nani anaridhia, na kabla sijapata sauti mama alikuwa amenyoosha mkono, wa kwanza kuliko wote, mkono wenyewe umenyooka kama wa msichana. Watu walipoona mjane wa mgawa maji anatoa kaburi la mumewe kwa ajili ya kijiji, waliinuka wote. Wanawake walipiga vigelegele. Winfrida alikuja akapiga magoti mbele yake, akalia. Mama alimpangusa machozi akamwambia asilie, maji yatawafikia hata wa bondeni. Winfrida alidhani ni fumbo la uzee, akaitikia amina.

Ningesimama pale niseme nini? Kwamba mama yangu hakusikia? Wangecheka, si kwa ubaya, lakini wangecheka, na yeye angewaona wakicheka bila kujua wanacheka nini. Nilikaa. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya sikuyamwaga peke yangu, ingawa kibuyu kilikuwa mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo nyumba imekuwa kama ya harusi. Anaamka mapema, anafagia mfongo. Amenitoa nje na panga nikate magugu yaliyoota ndani. Anawasimulia ndama na kuku jinsi baba alivyokuwa akipanda juu kufungua maji alfajiri. Baba mdogo Sifael anajua ukweli, Yakobo anajua, sasa nadhani hata mchungaji anajua. Kila apitaye humpongeza, kisha hunitazama mimi pembeni na kuharakisha mwendo. Nikitoka nje namkuta anaimba. Nikirudi ndani nakutana na picha ya baba. Sina pa kukaa, mdogo wangu, nyumba yetu yote imekuwa nyembamba.

Wiki iliyopita wapimaji walirudi kuhakiki vigingi. Mama aliwachomea ndizi, akawamiminia maziwa, akawaita wanangu. Kisha akamshika mpimaji mkono akamwongoza mwenyewe hadi kaburini. Alimwonyesha pa kupita kwa ncha ya fimbo.

"Pitisheni hapa hapa, karibu kabisa na mzee," alisema. "Asikie maji yake. Na mimi nikija nisikie."

Kijana yule aligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nikamwambia ale ndizi zisipoe.

Sasa sikia linalokuhusu. Baba mdogo anasema baba lazima ahamishwe kabla kijiji hakijaanza msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha njia, masika yakiisha. Wasipomhamisha, greda halitauliza. Lakini hakuna mtu wa ukoo atakayegusa udongo ule kabla yako. Lazima mrithi wa kihamba ashike jani la sale, amwombe baba msamaha kwa mdomo wake, kisha apige jembe la kwanza. Nimeomba wafanye bila wewe, wamekataa. Nimeomba wafanye mama akiwa kliniki mjini, wakaniuliza akirudi akute nini.

Sikuombi nauli wala mbuzi, hivyo tutapata. Nakuomba wewe. Na njiani, katika mabasi yote hayo, fikiri utamwambia mama neno gani, kwa sababu mimi nimeyamaliza yangu yote na hata moja halikufika sikioni mwake.

Msalimie wifi Victoria, mwambie kahawa yake ya kusaga nimeituma na Valerian, asiigawe. Wabusu watoto. Baba mdogo Sifael anakusalimu. Ezra, mtoto wa Yakobo, anauliza kama huko kuna kazi ya utingo. Mungu wa baba yetu akufunike safarini na akupe mgongo mpya.

Mama naye anakusalimu sana. Ameniona naandika akaja kukaa kando yangu, nikaifunika karatasi, lakini alitaka tu nikuandikie haya kwa maneno yake: mfereji unachimbwa masika yakiisha, na nyumba isiyotoa mtu wa kuchimba hainywi maji. Mtu wa nyumba yetu ni wewe. Anasema ufike mapema, na anasema uje na jembe lako mwenyewe, lile la baba limelegea mpini.

Njoo nalo, mdogo wangu.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Elisifa