Mikono Miwili ya Mtu Mmoja

3 Juni

Kifaranga wangu,

Hujambo mwanangu? Huku tu wazima, ila goti langu siku hizi linatabiri mvua kuishinda redio. Ukarani unakwendaje? Unakula?

Wazee wa kanisa wanataka kuifunga kambi yetu ya watoto ya likizo. Katibu amesema, "Wiki nzima wanaimba na kuogelea, kisha wanarudi nyumbani na upele. Faida iko wapi?" Nilimjibu vibaya, nimeshatubu. Sasa nawaomba waliopita kambini waandike ukurasa mmoja: mlibaki na nini? Wewe ulikuja miaka mitano. Niandikie kabla ya kikao cha tarehe 28.

Shangazi yako

11 Juni

Shikamoo Shangazi,

Goti lipake dawa, usilisikilize tu. Mimi mwili mzima, roho sijui.

Ukurasa siwezi kuuandika. Nitakueleza sababu, kisha barua hii uichome.

Tarehe mbili ukuta wa machimbo yetu ya mawe uliporomoka saa ya chakula. Meneja akatangaza kwamba wote wako salama. Lakini daftari la lango nalishika mimi: anayeingia namwekea alama, anayetoka namwekea ya pili. Jioni ile mstari mmoja ulikuwa na alama moja. Ni wa mvunja mawe tunayemwita Kofia. Asubuhi aliinama dirishani kwangu akasema, "Karani, leo niandike kwa wino mzuri, nimeoga."

Nilimpelekea meneja daftari. Akafunga mlango, akasema taratibu kama anayembembeleza mtoto, "Huyu leo hakuja. Ukurasa umechafuka, uandike upya." Shangazi, niliuandika upya. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha.

Wenzake wanajua, wamefumba midomo. Mke wake anakuja kila asubuhi na mtoto mgongoni. Mlinzi anamwambia, "Mama, mumeo amepata mwingine, nenda kapumzike." Haendi. Anakaa juu ya jiwe, mbele ya dirisha langu.

Mkaguzi wa serikali atakuja mwisho wa mwezi. Nikisema kweli, nimejishtaki mwenyewe kwa kughushi. Nisiposema, Kofia atabaki chini ya mawe, na wanawe watakua wakijua baba aliwatoroka.

Nifanye nini?

Mwanao, Kifaranga

15 Juni

Kifaranga,

Salamu zimefika. Goti leo tuliache.

Barua sijaichoma. Unazikumbuka jozi? Ziwani kila mtoto alikuwa na mwenzake. Nikipiga filimbi, wawili wanashikana mikono na kuiinua, nami nahesabu. Mwaka wako wa tatu ulinuniana na mwenzako kwa ajili ya kitabu cha nyimbo. Filimbi ikalia, ukashika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto, ukainua. Mikono miwili ya mtu mmoja! Kidogo niihesabu. Nikakuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Ukaangua kilio, ukaonyesha chini ya gati. Alikuwa amekumbatia nguzo, maji yamemfika puani; tukamwahi.

Sikukuchapa. Nilikupa filimbi, ukahesabu wewe hadi siku ya kuvunja kambi.

Mimi ni mshona nguo niliyejitwika kambi, si wakili. Sina jingine la kukufundisha.

Shangazi yako

29 Juni

Kifaranga,

Hujambo? Mbona kimya? Kikao kilikuwa jana, kura zimelingana. Mchungaji ameahirisha hadi Jumapili ijayo. Lakini sikuandikii kwa ajili ya kambi. Nipe hata neno moja, nijue uko hai.

Shangazi yako

4 Julai

Shikamoo Shangazi,

Niko hai. Nisamehe kwa ukimya. Kila nikishika kalamu niliona sina cha kukuambia mpaka niwe nimefanya kitu.

Mkaguzi alikuja tarehe thelathini. Meneja alisimama nyuma yangu, nikawa nasikia anavyopumua. "Karani, hili ni daftari lako?" Nikajibu, "Ndiyo." Ilishanitoka hiyo ndiyo, Shangazi, na mkaguzi alikuwa anavua miwani yake. Nikatupa jicho dirishani. Mama yule yuko juu ya jiwe, anamfunga mtoto kanga vizuri. Nikasema, "Ila ukurasa wa tarehe mbili si wa kwanza. Wa kwanza ninao." Nilikuwa nimeuficha ndani ya kitabu cha nyimbo cha kambi, kile kile tulichogombania. Sauti ilinitoka ya kifaranga kweli.

Walichimba siku mbili. Juzi wakampata.

Nilikwenda mwenyewe kwa mke wake nikamweleza yote, na kwamba mwandiko ule ni wangu. Sijui nilitaka anipige au anishukuru. Alinitazama tu, akasema, "Mwezi mzima nimekaa mbele ya dirisha lako." Akaingia ndani.

Kazi sina. Jumatatu tumeitwa polisi, meneja na mimi. Naogopa.

Wazee wakikuuliza, usiwaambie kambi ilinipa ujasiri. Nilichelewa siku ishirini na nane. Waambie tu kwamba nilipokuwa na miaka kumi mtu aliniuliza mwenzangu yuko wapi, na tangu hapo swali lile halijaninyamazia.

Kura ikienda vizuri, na polisi wakiniachia, nipange gatini. Nitahesabu mara mbili.

Mwanao, Kifaranga